Kabla Hujaruhusu Windows Ipigwe Upya

Peleka kompyuta inayoganda kwa fundi wa Morogoro mjini, iwe Msamvu, Sabasaba au kwenye vibanda vya steshenari vilivyopakana na vyuo, na mara nyingi swali la kwanza ni hili: "Windows ilipigwa lini?" Ukijibu kwamba ni zamani, hukumu imeshatoka. Windows imechoka, itapigwa upya. Utalipa, utarudi nyumbani na kompyuta yenye sura mpya, na baada ya wiki chache itaganda tena vilevile, safari hii picha za harusi zikiwa zimeshafutwa.

Sisemi mafundi ni waongo. Kupiga Windows ni kazi yenye mwanzo na mwisho, bei yake inajulikana, na mteja anaona kwa macho kilichofanyika. Kutafuta chanzo cha kuganda ni kazi ya saa nyingi ambayo wateja hawataki kuilipia, hasa kama jibu lenyewe litakuwa: "Mama, kompyuta ni nzima, tatizo ni umeme wa nyumbani kwako." Na kwa huku kwetu, jibu hilo ni sahihi mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kwa hiyo uchunguzi uanze kwako wewe unayekaa na mashine kila siku, kwa sababu unazo habari ambazo fundi hawezi kuzipata kwa kuitazama nusu saa mezani kwake.

Chombo cha kwanza ni daftari. Kila kompyuta inapogoma, andika saa, imewashwa kwa muda gani, ulikuwa unafanya nini, taa za nyumbani zilikuwaje, na imegoma kwa namna gani. Hilo la mwisho ndilo watu hulipita haraka. "Inastaki" ni neno moja linalobeba mambo matano. Kuna picha kusimama kabisa, mshale hauendi, feni ikiendelea kuzunguka. Kuna kuzimika ghafla kana kwamba mtu amechomoa waya. Kuna kujizima na kujiwasha yenyewe. Kuna skrini ya buluu yenye maandishi meupe. Na kuna uzito: mshale unatembea, lakini kila ukibofya unasubiri dakika nzima. Homa ni moja lakini malaria si taifodi, na hapa ni hivyohivyo. Daftari la wiki moja linatosha kuzitenganisha.

Lakini kabla ya daftari, nakili mafaili yako leo. Tasnifu, hesabu za duka, picha, vyote viwe kwenye diski ya nje au flashi, na vile visivyo na mbadala viwekwe pia mtandaoni. Mashine iliyoanza kugoma haikuahidi kwamba itawaka kesho.

Tuje kwenye umeme, na hapa nitakaa kidogo. Mkoa huu una mitambo ya Kidatu yenye megawati 204, na sehemu kubwa ya maji ya Rufiji yanayozungusha mitambo ya Julius Nyerere, megawati 2,115, hutoka bonde la Kilombero. Mtu angetegemea kwamba anayekaa jirani na maji hayo hana shida. Ila umeme unaofika kwenye soketi yako hautegemei ukubwa wa bwawa. Unategemea waya wa mtaani, transfoma mnayogawana, na umbali wako kutoka hapo. Nyumba iliyo mwisho wa laini, iwe Kihonda kwenye viwanja vipya au juu kule Kinole ambako nguzo zinapanda na kushuka matuta katikati ya migomba na miti inayoanguka wakati wa masika, hupata umeme dhaifu jioni kila mtu anapowasha pasi na jiko. Ukiwa jirani na mashine ya kusaga au fundi wa kuchomelea, utaona taa ikinywea kila anapoanza kazi.

Umeme wetu ni wa volti 230, na mkondo wake hurudia mzunguko mara 50 kwa sekunde, yaani kila mzunguko ni milisekunde 20. Pawasaplai ya kompyuta ya mezani ina akiba ndogo ndani ya kapasita zake. Vipimo vya watengenezaji huitaka iweze kuibeba mashine kwa takriban milisekunde 16 umeme ukikatika ikiwa imebeba mzigo wake wote. Hiyo haifiki hata mzunguko mmoja, na ni pawasaplai mpya. Iliyotumika ofisini Ulaya kwa miaka kadhaa, ikaja huku kama mtumba, haina hata hicho. Umeme ukiyumba kwa mizunguko miwili mitatu, taa inapepesa kidogo, redio haisikii chochote, nawe unaona kompyuta imejiwasha upya katikati ya barua. Unailaumu Windows.

Jaribio lake ni rahisi. Kompyuta ya mezani ikijiwasha upya wakati laptopu yenye betri nzima iliyo kwenye soketi hiyohiyo haikutikisika, umeshapata pa kuanzia. Chomoa ekstensheni, chomeka moja kwa moja ukutani. Shika plagi baada ya nusu saa. Ikiwa ya moto, soketi imelegea ndani. Na kama mnatumia ule ujanja wa kuingiza kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya miguu miwili ikubali kuingia, uacheni, maana mguu wa tatu ndio unaoleta ethi. Boksi la chuma la kompyuta likikuwasha vidole ukiligusa, ethi haipo au imekatika, na hiyo si kazi ya fundi kompyuta. Ita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

Watu wananunua vifaa vya kinga bila kujua kila kimoja kinafanya nini. Gadi ya friji hukata umeme ukiwa mbaya na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Friji linanusurika, kompyuta imeshazimika. Stabilaiza inapandisha na kushusha volti, inasaidia sana kule ambako jioni umeme unashuka, lakini umeme ukikatika nayo imekatika. Kinachoibeba mashine ni UPS, na ukipata yenye AVR, yaani stabilaiza, ndani yake umepata vyote viwili. Azima ya jirani kwa siku kadhaa kabla hujanunua, uone kama daftari linanyamaza. Ukinunua, kumbuka betri yake ina umri, kwa kawaida miaka mitatu hadi mitano, hivyo UPS ya mtumba yenye betri ileile iliyokuja nayo ni boksi zito tu. Printa ya leza usiichomeke humo. Inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa mpigo na kuiangusha UPS pamoja na kila kilicho juu yake.

Radi haina stabilaiza wala UPS. Upande wa mashariki wa Uluguru, Kinole na Matombo, hunyesha kuliko mjini kwa mbali, na ngurumo za masika kule si za kusimuliwa. Wingu likianza kukoroma chomoa plagi ukutani, usizime swichi tu, na uchomoe pia waya wa mtandao na wa antena kama vimeunganishwa na mashine, kwa sababu radi huingia kwa mlango wowote uliouacha.

Sasa tuseme daftari linaonyesha kitu kingine: haigomi asubuhi, inagoma baada ya dakika arobaini, hasa mchana wa Desemba au Januari, na hasa ukitazama video au mtoto akicheza gemu. Hilo ni joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hupunguza mwendo ili isiungue, na ikishindwa hujizima. Fungua ubavu wa boksi, elekeza feni ya chumba humo ndani, uone. Ikidumu mchana kutwa, umemaliza utafiti. Safisha: izime, ichomoe, itoe nje, zuia feni zake zisizunguke kwa kijiti, kisha puliza kwa blowa ya mkono kwa upole na brashi laini. Vumbi jekundu la barabara zisizo na lami hupeperuka lenyewe, tabu ni lile lililochanganyika na mvuke wa mafuta na masizi ya jiko la mkaa, ambalo hushika mapezi ya shaba kama gundi na linahitaji brashi na subira. Mashine ikiwa na miaka mingi, mwombe fundi abadilishe pesti iliyo kati ya prosesa na chuma chake. Na mashabiki wa vitambaa vya kufuma watanisamehe: kitambaa kinapendeza juu ya kompyuta iliyozimwa. Iliyowashwa inakosa pa kupumulia, sawa na laptopu iliyowekwa kitandani. Ukifungua usishangae ukikuta sisimizi, mende au mjusi aliyekauka. Wanafuata joto, na mmoja akilala vibaya juu ya saketi anaunganisha visivyopaswa kuungana.

Ukipanda Mgeta mpaka Nyandira, ambako jioni watu huvaa sweta, tatizo linageuka. Joto hakuna, kuna ukungu unaoingia mpaka chumbani. Miguu ya RAM inapata kutu nyepesi, kompyuta inagoma kuwaka asubuhi huku ikilia pii-pii, au inawaka na kuganda. Chomoa RAM, futa miguu yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, pangusa, irudishe mpaka isikike ikibana. Mashine isiyotumika mara kwa mara iwashwe saa moja mbili kila siku wakati wa mvua, joto lake yenyewe litaikausha. Kuhusu mwinuko hakuna la kuhofia: watengenezaji wengi huruhusu mpaka mita 3,000, na Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote vya Uluguru, ni mita 2,600 na kidogo. Hakuna anayeandikia tasnifu huko juu.

Nimeiacha diski mpaka hapa kwa makusudi, maana ndiyo inayowadanganya watu zaidi. Ule uzito niliousema, wa kubofya na kusubiri, kwenye mashine za mtumba mara nyingi ni diski ya kuzunguka iliyozeeka. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tazama safu ya diski. Ikikaa asilimia 100 wakati hufanyi lolote, na hali hiyo haiishi hata nusu saa baada ya kuwasha, ishuku. Ukisikia tik-tik kutoka ndani, usiishuku tena, inakufa.

Hapo ndipo siri ya kupiga Windows inapojitokeza. Diski ina akiba ya sehemu za ziada. Sehemu mbovu ikisomwa, diski inahangaika kuisoma tena na tena, na wewe unaona kuganda. Lakini sehemu hiyo ikiandikwa upya, diski inaweza kuitupa kimyakimya na kuweka ya akiba mahali pake. Kupiga Windows ni kuandika juu ya maelfu ya sehemu kwa mkupuo. Zile mbovu zinazoguswa zinabadilishwa, kompyuta inakuwa nyepesi, fundi anasifiwa. Ubovu unaendelea kuenea chini kwa chini, akiba inapungua, na kabla msimu haujaisha umerudi kibandani. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo inasoma kumbukumbu ambayo diski inajiandikia yenyewe kuhusu afya yake: buluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Ukiona njano kwa sababu ya sekta zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa, nunua nyingine. Na usikimbilie kuiendeshea ukaguzi mrefu wa chkdsk kabla ya kunakili mafaili, kwa kuwa kazi hiyo inaweza kuimalizia pumzi. Ukibadilisha, weka SSD. Kwa mashine ya miaka kumi hakuna shilingi inayofanya kazi kuliko hiyo.

RAM nayo hupimwa bila kununua kitu. Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, ruhusu mashine ijiwashe upya, iache ijipime. Kama ina RAM mbili, chomoa moja ufanye kazi siku kadhaa, kisha ubadilishane. Kuganda kukifuata mojawapo, umempata mhalifu bila fundi.

Kwenye mazabodi tazama kapasita, vile vipipa vidogo. Vichwa vyake viwe bapa. Vikivimba au vikitoa ute wa kahawia, hapo hakuna programu itakayosaidia. Kompyuta za Dell OptiPlex za miaka ya 2003 hadi 2005, GX270 ikiwa maarufu zaidi, zilitoka kiwandani na kapasita za namna hiyo kwa wingi hivi kwamba mwaka 2005 Dell ilitenga takriban dola milioni 300 kwa ajili ya kuzirekebisha. Mashine hizo sasa ni za makumbusho, ila zinatukumbusha kwamba jina kubwa kwenye boksi si dhamana. Ukinunua mtumba uliotoka Marekani, angalia nyuma ya pawasaplai kama kuna swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230, uhakikishe ipo 230 kabla ya kuchomeka. Wanaosahau husikia mlio.

Jambo dogo la kupita haraka: saa ya kompyuta ikirudi miaka nyuma kila ukiwasha, ni betri ya kitufe, CR2032, ya volti 3. Tovuti zitakataa kufunguka kwa sababu ya tarehe na utadhani intaneti ni mbovu. Na kinyume chake, siku nyingine intaneti ndiyo inayoganda na kompyuta ni nzima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya kimtandao, na hakuna RAM ambayo ingesaidia. Fungua barua iliyo ndani ya mashine yenyewe. Ikifunguka bila kusuasua, mashine haina kosa.

Sikatai kwamba programu nazo huangusha kompyuta. Flashi inayotoka steshenari moja kwenda nyingine hubeba virusi vinavyogeuza mafolda yote kuwa shotikati. Windows na Office za kukraki mara nyingi huja na wageni wengine ndani. Programu mbili za kuzuia virusi kwenye mashine moja hukabana zenyewe kwa zenyewe, chagua moja. Lakini hata kosa likiwa la programu, dawa si lazima iwe kufuta kila kitu. Tarehe 19 Julai 2024, faili moja lenye kasoro kutoka kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike lilizipeleka kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwenye skrini ya buluu, kuanzia viwanja vya ndege hadi hospitali. Dawa iliyotolewa ilikuwa kuingia Safe Mode na kulifuta faili hilo moja.

Windows yenyewe ina daftari lake pia. Andika reliability kwenye sehemu ya kutafutia, utaona kalenda yenye alama nyekundu kwa kila siku iliyogoma. Zilinganishe na ulichoandika wewe. Ukifungua Event Viewer ukakuta namba 41 ya Kernel-Power, maana yake mashine ilizimika bila kuagwa, na hiyo mara nyingi inakurudisha kwenye umeme, pawasaplai au joto. Namba 7 kutoka kwa disk ni sehemu mbovu ya diski. Skrini ya buluu ikitokea, ipige picha kwa simu kabla haijapotea, kwa sababu yale maandishi ya chini ndiyo anayoyahitaji fundi.

Ukifika kwake usianze na "inastaki." Mwambie: "Fundi, inajizima yenyewe kati ya saa moja na saa tatu usiku, mchana haifanyi hivyo, na picha ya kosa hii hapa." Fundi mzuri atavuta kiti. Akisema diski imekufa, omba uione, na omba irudishwe kwako, kwa sababu mafaili yako bado yamo humo. Akikataa kusikiliza na kuchukua flashi yake ya Windows moja kwa moja, msalimie, ubebe mashine yako.

Na kama baada ya yote hayo imeonekana kweli Windows ipigwe, jua kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za miaka ya karibuni, kwa Intel kuanzia kizazi cha nane isipokuwa chache, pamoja na RAM ya gigabaiti 4 na TPM 2.0. Mashine isiyofikia hapo inaweza kuendeshwa vizuri na Linux Mint, ambayo ni bure. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au za baadaye zina leseni yao imehifadhiwa ndani ya mazabodi, hivyo huhitaji kulikraki toleo zilizokuja nalo. Faili la kusakinishia linapatikana kwa Microsoft wenyewe. Ikishapigwa, kaa nayo siku mbili ikiwa tupu, bila Office, bila gemu, bila flashi ya mtu. Ikiganda katika hali hiyo, usiruhusu ipigwe mara ya pili. Irudishe siku hiyohiyo, umwambie fundi aanze na diski na RAM.